Robo ya Nusu Saa

Bi Shinuna alikuja kwa Ghaniya baada ya sala ya alasiri, mkononi ameshika tawi la mndimu lililokauka. Alivua viatu mlangoni, akapita moja kwa moja mpaka kwenye mkeka, akaketi na kuliweka lile tawi mbele yake. Ghaniya alimmiminia kahawa ya iliki na kumsogezea sahani ya tende. Bi Shinuna alikipokea kikombe, akakitazama, kisha akakiweka chini bila kukifikisha mdomoni.

Hapo Ghaniya akajua kuna shughuli. Katika kijiji cha Saqla, na katika milima yote ile ya Omani ya ndani, mgeni akiiweka kahawa yako chini ana haja na wewe, na hainywi mpaka umtimizie. Vikombe vimewahi kupoa kwa sababu ya posa, kwa sababu ya damu iliyomwagika, na mara moja kwa sababu ya mbuzi. Adabu inamtaka mwenye nyumba aulize upesi.

"Kunywa kahawa, Bibi."

"Sinywi."

"Haja yako nini?"

"Maji yangu," alisema Bi Shinuna. "Mume wangu aliniachia fungu langu la maji katika mfereji wa falaji, na Mungu ndiye aliyeligawa, si Humaid. Sasa mwaka unamalizika sijaona hata tone. Kila Alhamisi namwomba mtoto wa jirani anisomee orodha kwenye simu, ananisomea majina ya watu wote mpaka ya waliohamia Maskati, langu halimo. Humaid kanifuta."

Humaid ni mtoto wa marehemu mumewe kwa mke wa kwanza. Bi Shinuna mwenyewe hakujaliwa mtoto. Alimlea Humaid tangu akiwa na meno ya utoto, akamfunga kilemba cha harusi kwa mikono yake, na sikukuu iliyopita Humaid alipokuja kumpa mkono wa Idi hakumfungulia mlango.

"Humaid hawezi kukufuta," Ghaniya alimwambia. "Orodha haitoki kwake. Inatoka kwenye kompyuta yangu."

Bi Shinuna alimtazama kwa macho yake madogo, yaliyopakwa wanja kama kawaida, shida au si shida.

"Basi wewe umenifuta."

Ghaniya alipaswa kushtuka. Mtu mwingine angeruka, angeapa, angeita mashahidi. Yeye aliinuka tu akaenda kuichukua kompyuta, kwa mwendo uleule wa kwenda kuzima jiko.

Ndivyo alivyokuwa tangu mwaka uliopita. Zamani hakuwa hivyo. Alikuwa msichana wa kicheko, aliyesomea kompyuta Nizwa, akafanya kazi Maskati katika ofisi ya bima, kazi yake kuiuliza hifadhidata maswali kwa lugha ya SQL, lugha isiyo na salamu wala tafadhali: nipe, panga, jumlisha. Alirudi Saqla kuolewa na Mundhir, fundi wa visima vya mafuta, ambaye alikuwa jangwani wiki mbili na nyumbani wiki mbili. Ndoa yao ilikuwa bado mpya. Mundhir alikuwa amepanda mkomamanga mmoja mwisho wa shamba, akisema utazaa siku watakayopata mtoto. Kisha jioni moja, njia ya jangwani, ngamia akavuka barabara. Hakuna zaidi la kusimulia. Ngamia alivuka, na gari la Mundhir lilikuwa linakwenda mbio.

Ghaniya hakulia sana. Wengine walisema ana imani, wengine wakasema ana roho ngumu. Hakuwa na hili wala lile. Alikuwa ameganda. Alikula kwa sababu chakula kiliwekwa, akalala kwa sababu taa zilizimwa, na siku moja alitia chumvi mara mbili kwenye mchuzi akaula bila kujua, mpaka wageni walipoanza kuomba maji.

Kazi ya falaji aliipata akiwa kwenye eda, katika ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane hatoki wala haonani na mwanamume asiye maharimu wake. Wakili Zahran, msimamizi wa falaji, alikuwa amezeeka. Mafungu yote ya maji ya Saqla alikuwa nayo kichwani, kama baba yake kabla yake, aliyegawa zamu kwa kuangalia kivuli cha jua kwenye ukuta wa msikiti. Lakini kichwa kilianza kuvuja. Alimpa Humaid zamu ya Haitham, ndugu yake Mundhir, akampa Haitham zamu ya mtu aliyekwisha kufa, watu wakakaribia kushikana mashati mferejini. Ndipo alipokuja nyuma ya nyumba ya Ghaniya, akakohoa, akaketi kwenye jiwe chini ya dirisha lililofungwa.

"Binti yangu, unanisikia?"

"Nakusikia, Wakili."

"Nitasema, wewe andika. Nikikosea usinicheke."

Hivyo ndivyo falaji ya Saqla ilivyoingia kwenye kompyuta: mzee nje anatamka, mjane ndani anaandika, dirisha limefungwa katikati. Fulani bin fulani, saa mbili za maji, amekufa, ameacha mke na wana wawili. Fulani, nusu saa, amekufa, hana mtoto, ameacha mke na ndugu. Wiki nzima. Ghaniya aliandika bila kuuliza. Vidole vilijua kazi, na yeye aliviacha vifanye. Alipofika mahali pa kuchagua dakika zihifadhiwe kwa namna gani, alichagua namba kamili, zile zisizo na nukta wala mkia, kwa kuwa tangu dunia iumbwe mafungu ya Saqla huhesabiwa kwa nusu saa nusu saa, na hakuna aliyewahi kugombania nusu ya dakika. Kisha akaandika hesabu ya mirathi: mke thumuni, moja ya nane, kama kuna watoto, robo kama hakuna, mama wa marehemu sudusi, moja ya sita, na kilichobaki wagawane watoto au ndugu. Akaijaribu, ikakubali, akailaza.

Tangu hapo kila Alhamisi orodha ya zamu ilikwenda kwenye simu za watu. Ugomvi ukaisha. Wakili Zahran akaanza kulala mchana. Kijiji kizima kilimsifu Ghaniya, na sifa zile zilimpita kama zinamhusu jirani.

Sasa aliifungua kompyuta juu ya mkeka, Bi Shinuna akasogea karibu mpaka magoti yakagusana.

"Nionyeshe."

"Kwanza jumla," alisema Ghaniya. Aliiuliza hifadhidata dakika za nyumba ya marehemu mume wa Bi Shinuna. Zilikuja dakika mia na ishirini, saa mbili kamili. "Unaona? Hakuna maji yaliyopotea. Hesabu iko sawa."

"Sawa kwa nani?"

Ghaniya aligeukia kompyuta. Aliuliza tena, safari hii mrithi mmoja mmoja. Yalitoka majina matatu. Humaid, dakika sitini. Mdogo wake, dakika sitini. Shinuna, sifuri.

"Hukufutwa, Bibi. Umo. Huyu hapa ni wewe."

"Na hicho kiduara?"

"Sifuri."

"Toba!" Bi Shinuna alijipiga paja. "Afadhali ningekuwa sikuandikwa. Kuandikwa kisha nikapewa kiduara!"

Ghaniya aliitazama ile hesabu yake ya mirathi kwa muda. Ilikuwa mistari michache tu, safi, imenyooka. Kisha akaandika swali dogo kabisa, ambalo mtoto wa darasa la nne angelijibu kwa vidole: moja gawa kwa nane. Akabonyeza. Kompyuta ikajibu sifuri.

Akaandika: moja gawa kwa nne. Sifuri. Moja gawa kwa sita. Sifuri.

"Hiyo kompyuta yako haijui kukata chungwa?" aliuliza Bi Shinuna.

"Inajua. Lakini ukiipa namba kamili mbili uziambie zigawane, na jibu lake inalitoa namba kamili. Moja ya nane si sifuri, ni sifuri nukta kitu. Yenyewe inashika ile sifuri, kinachofuata baada ya nukta inakitupa."

"Inakitupa wapi?"

"Basi tu. Inakitupa."

"Maji hayatupwi basi tu, mwanangu. Maji lazima yaende mahali."

Hapo ndipo Ghaniya alipoona sawasawa, na aliyemwonyesha ni huyu bibi asiyejua kuwasha hata simu. Thumuni ya mke ilikuwa sifuri. Sifuri mara dakika mia na ishirini ni sifuri. Kilichobaki baada ya mke kupewa sifuri kilikuwa saa mbili nzima, na kilichobaki ni cha watoto. Ndiyo maana jumla haikupungua hata dakika moja, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Maji ya wajane wote wa Saqla, na ya mama waliofiwa na wana wao, yalikuwa yamekwenda kwa warithi wengine, kimya kimya, yakijumlishwa vizuri kabisa. Wenye watoto wao wa kuwazaa hawakuhisi, kwa kuwa maji ya mama na ya mwana huingia shamba lilelile. Bi Shinuna hakuwa na mwana wa kumzaa.

"Yalikwenda kwa Humaid," alisema Ghaniya.

"Si ndivyo nilivyokwambia?"

"Lakini Humaid hakuyaiba. Alipewa. Orodha ilimwambia dakika sitini, akatumia sitini."

Bi Shinuna aliligusa lile tawi kavu. Alikuwa amemchukia mtoto wake karibu mwaka mzima, na chuki ile ilikuwa imemzoea.

"Nani aliiambia kompyuta ifanye hivyo?" aliuliza mwishowe.

"Mimi."

"Wewe."

"Mimi, Bibi. Sikuweka nukta."

Marekebisho yenyewe hayakuwa makubwa. Aliandika moja nukta sifuri mahali pa moja, na kompyuta, kwa kuonyeshwa tu kwamba nukta zinaruhusiwa, ikakumbuka hesabu. Thumuni ikawa thumuni. Majina yakatoka tena: Shinuna, dakika kumi na tano. Ghaniya alimgeuzia kioo. Yule bibi hakujua kusoma, lakini tarakimu za bei ya gesi na za bei ya samaki alizijua. Alizigusa kwa kidole, moja, kisha tano.

"Zamu yetu Jumatatu," alisema. "Jua hili la sasa, mindimu yangu ikikosa Jumatatu ni kuni. Niliipanda mwaka nilioolewa. Itaandikwa?"

"Itaandikwa."

"Apa."

"Wallahi itaandikwa."

Bi Shinuna akainua kikombe, akaonja, akakunja uso. "Hii imeshakuwa maji ya kisima. Nipe ya moto."

Alipoondoka, tawi lake aliliacha pale pale kwenye mkeka. Ghaniya alirudi kwenye kompyuta ili aitayarishe orodha mpya. Wajane walikuwa na haki ya kuonekana sasa, akatafuta kwa nini hata ile sifuri haikuwahi kufika kwenye simu za watu. Aliipata sababu mwishoni kabisa, sharti moja fupi katika swali la orodha: onyesha wale tu ambao dakika zao zinazidi sifuri.

Aliusoma ule mstari. Uliandikwa na yeye. Akaukumbuka.

Aliikumbuka mpaka siku yenyewe. Wakili Zahran alikuwa ameondoka dirishani, na yeye aliijaribu hesabu kwa mara ya kwanza kwa nyumba iliyokuwa karibu na akili yake, nyumba yake. Marehemu Mundhir, nusu saa, hana mtoto, ameacha mke na ndugu mmoja. Yakatoka majina mawili. Haitham, dakika thelathini. Ghaniya, sifuri. Aliliona. Hakulipita kwa haraka wala hakuwa na usingizi. Alikaa analitazama jina lake na sifuri ubavuni mwake, na hakuona kosa lolote. Lilionekana sahihi. Akashuka chini, akaona wanawake wengine wenye sifuri, wamefiwa kama yeye, na wao pia wakaonekana sahihi. Kitu kimoja tu kilimsumbua, kwamba orodha yenye sifuri nyingi haipendezi. Ndipo alipoandika sharti la kuzificha.

Alipokumbuka hayo masikio yalimwaka moto.  Alitarajia atalia, akasubiri, kilio hakikuja. Alilifuta lile sharti.

Asubuhi ya pili Wakili Zahran alikuja, akaketi kwenye jiwe chini ya dirisha ingawa eda ilikwisha zamani na mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amezoea pale. Ghaniya alifungua dirisha akamweleza yote, mzee akasikiliza akijipapasa ndevu.

"Tuwaambie mtandao ulikuwa na matatizo," alisema.

"Mtandao haukuwa na tatizo, Wakili. Mashine ilifanya nilivyoiandikia."

"Kweli ni kweli, lakini kweli nyingine hufunikwa sahani, inzi wasije. Watu watasema mjane kawadhulumu wajane."

"Watasema."

"Haya. Nisomee hiyo mpya."

Ghaniya alisoma. Alianza na nyumba yake, ya Mundhir. Hapo hapo Wakili Zahran akainua kidole.

"Rudia."

"Ghaniya, nane. Haitham, ishirini na tatu."

"Nane na ishirini na tatu ni thelathini na moja. Nusu saa yenye dakika thelathini na moja! Ewe binti, hata baba yangu na kivuli chake hakufika huko."

Ghaniya aliangalia. Robo ya nusu saa ni dakika saba na nusu, na robo tatu ni ishirini na mbili na nusu. Hesabu ya kugawa alikuwa ameitengeneza, lakini mahali pa kuziweka dakika palikuwa bado pa namba kamili, na pale mashine ilikuwa na tabia nyingine. Ilipokuwa ikigawa ilikata na kutupa. Ilipokuwa ikihifadhi, kila nusu iliikadiria kwenda juu. Mashine moja, na kila mlango wake una mazoea yake, na haikutoa onyo hata kwa kukohoa.

"Ni lazima nibadilishe aina ya safu inayohifadhi dakika," alisema. "Iwe ya desimali."

"Ya nini yote hayo? Hii nusu nani ataipima? Mpe Haitham zake ishirini na tatu, wewe chukua saba, mambo yakae sawa." Mzee alishusha sauti, si kwa ubaya. "Wewe mwenyewe shamba hata hujalikanyaga, binti yangu. Saba au nane, si ni mamoja?"

Ghaniya alifungua kinywa kusema ni mamoja. Neno lilikuwa tayari, limekaa ulimini, neno lililomwendesha mwaka mzima. Macho yakaangukia lile tawi la mndimu, ambalo hakuwa amelitupa.

"Nitabadilisha safu," alisema.

Alhamisi orodha ikatoka, na chini yake maelezo mafupi yenye jina lake. Simu za Saqla zililia mpaka magharibi. Kulikuwa na waliomtetea, waliomkejeli, na mmoja aliyeuliza kama kompyuta inaweza pia kumpunguzia mashemeji.

Jumatatu, jua likianza kugusa vichwa vya mitende, watu wa zamu walikuwa mferejini. Maji ya falaji hupita kwenye mtaro wa mawe, na kila shamba lina tundu lake, lililozibwa kwa jiwe na matambara. Humaid alikuwa amekwisha kufika, mtu mnene mwenye aibu nyingi, koleo begani. Alipomwona Bi Shinuna anakuja na bakora yake, akashusha koleo.

"Asalaam alaikum, mama."

"Wa alaikum salaam," alijibu Bi Shinuna, akiutazama mtaro.

"Leo chukua zamu yangu yote. Dakika zote. Mimi mitende yangu itavumilia."

"Sitaki yako. Nataka yangu."

"Lakini mama, kwa nini hukuniambia? Mimi nilijua umeniachia kwa ridhaa yako. Jina liliondoka, nikasema mama kachoka na shamba."

"Nilisema."

"Ulimwambia nani?"

"Majirani zako wote."

Humaid alishika kichwa. Alilitoa jiwe kwa mikono yake, akafungua matambara, na maji yakageuka, yakaingia kwenye shamba la mindimu yakisukuma majani makavu mbele yake. Miti ilikuwa minne. Miwili ilikuwa imekwisha, miwili ilikuwa na kijani kidogo kwenye matawi ya ndani. Bi Shinuna aliuzunguka kila mti, hata ile iliyokufa, akiongea nayo kwa sauti ya chini. Dakika kumi na tano zilipotimia Humaid alijifanya hakuangalia saa.

"Ziba," alisema Bi Shinuna. "Ni zamu ya watu." Kisha, akishuka mtaroni, akamshika Humaid bega ili asiteleze, na akaendelea kulishika hata alipofika pakavu.

Humaid na mdogo wake walipomaliza zamu zao, ikafika zamu ya nyumba ya Mundhir. Haitham, shemeji yake Ghaniya, alikuwa tayari amesimama kwenye tundu lake, kijana mwepesi wa mdomo na asiye na baya. Ghaniya alikuja nyuma ya watu wote, amejitanda, akakanyaga shamba ambalo hakulikanyaga tangu mazishi. Mkomamanga ulikuwa mwisho kabisa, kwenye kipande kilichoangukia fungu lake. Hakuhitaji kuusogelea ili ajue, lakini aliusogelea. Alivunja kijitawi. Ndani kilikuwa na rangi ya kahawia mpaka katikati.

Bi Shinuna alikuwa amemfuata kwa bakora yake.

"Mimi nilipoona jina langu halipo nilipiga kelele mpaka mbuzi walikimbia," alisema. "Na wewe maji yako yalikwenda. Mbona hukusema?"

"Sikusema, Bibi."

"Hukujua?"

"Nilijua. Niliiona sifuri yangu siku ya kwanza kabisa, kabla ya mtu yeyote. Na zenu niliziona." Ghaniya alikizungusha kile kijitawi vidoleni. "Nikaona ni sawa."

Bi Shinuna hakumwambia pole, wala hakumlaumu. Alimkamata mkono na kumvuta mpaka kwenye tundu la mtaro, akauweka mkono ule juu ya jiwe.

"Fungua."

"Mti umekufa, Bibi."

"Nimekuuliza habari za mti? Fungua."

Ghaniya alivuta. Jiwe lilikuwa limekaa mwaka mzima bila kuguswa na lilikataa, akavuta kwa mikono miwili, matambara yakatoka na tope, na maji yakampiga miguuni, ya baridi, yametoka moja kwa moja tumboni mwa mlima. Alishtuka. Yalipita katikati ya viatu vyake, yakatafuta njia yao ya zamani kwenye udongo uliopasuka, yakapotea kwenye nyufa, yakatokea tena mbele, mpaka yakafika kwenye shina la mkomamanga na kulizunguka. Udongo ulitoa harufu. Ghaniya aliisikia ile harufu, na alikuwa hajasikia harufu ya kitu siku nyingi. Alisimama majini, upindo wa nguo umelowa, akaona uchungu unapanda taratibu kutoka mahali asipopajua, na akaogopa, kwa sababu ulikuwa mkubwa kuliko alivyofikiri.

Haitham alikuwa ameinua simu yake, anasoma saa.

"Saba zimetimia, shemeji!" aliita. Alikuwa anakuja, mikono imekunjuliwa, tayari kuliziba tundu. "Hizo nukta za mwisho ni mambo ya kompyuta tu, tusiyafuate. Nisogezee jiwe."

"Usiliguse."

Sauti ilimtoka kwa nguvu mpaka Humaid akageuka shambani kwake. Haitham akasimama, mguu mmoja juu ya mtaro.

"Bado nusu dakika," alisema Ghaniya, machozi yanamteremka na hayafuti. "Ni yangu."

Haitham alirudisha mguu chini. Maji yakaendelea kuingia.